Hodi ya Tatu

Ramisi, Jumamosi alasiri

Kwako Veronika,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana asubuhi uliniamkia nikiwa navaa viatu, na chai tumekunywa meza moja. Sasa umekwenda Msambweni kuwaaga wenzako, nami nimepata saa mbili za kuandika kabla hujarudi. Barua hii nitaitia ndani ya sanduku lako, chini ya kanga alizokununulia mama yako, uione ukishafika Taru. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na watu wa kujihadhari nao ndani ya gari la moshi, mama yako amekwisha kuyasema mara nne. Mimi siyarudii.

Langu linahusu kile kijitabu.

Padre amekupa bunda zima la vijitabu uwagawie Wakatoliki wa Taru, watu wa reli na wa barabarani, ili uwaanzishie chama chetu cha Wapiga Hodi. Asubuhi utafundisha watoto shuleni, jioni utawafundisha wazazi wao kutembelea wagonjwa na wapweke nyumba kwa nyumba. Ukurasa wa kwanza unasema kwamba chama hiki kilianzishwa hapa Ramisi na karani mcha Mungu, Gabrieli Mwakio, aliyeuona ukiwa wa ndugu zake akaguswa moyo. Huyo Gabrieli Mwakio ni mimi baba yako, na maneno hayo ni uongo. Niliyasoma kabla hayajapigwa chapa. Padre aliniuliza kama yako sawa, nikajibu yako sawa, tena nikamsahihishia herufi moja ya jina langu.

Aliyekianzisha ni Mama Sesilia. Najua utashtuka, kwa kuwa jina hilo halitajwi nyumbani kwetu, na aliyekataza lisitajwe ni mimi.

Unamkumbuka vizuri, alikuwa akikusuka nywele. Lakini hujui alivyokuwa kabla hujaanza kumzoea. Alikuwa mjane wa Kikamba, mpalilia miwa, asiyejua kusoma hata jina lake. Siku zile padre alitujia mara moja kwa mwezi kutoka Mombasa, akatusomea misa katika ghala la magunia, akaondoka kabla jua halijawa kali. Siku zilizobaki hatukuwa na dini. Wataita tulikaa na Wataita, Wajaluo na Wajaluo, Wakamba na Wakamba, na Jumapili ilikuwa siku ya kufua nguo na kunywa tembo. Sisemi tulikuwa watu wabaya. Tulikuwa tumechoka, na kila mmoja aliona nyumbani kwao ndiko kwenye kanisa, hapa alikuja kukata miwa tu.

Kisha akafa Yosefu, mkata miwa aliyekaa chumba cha mwisho cha kambi. Alikuwa na homa, akafa peke yake mlango umefungwa kwa ndani, na sisi tuliopiga magoti naye ghalani tulipata habari siku ya pili, tena kwa harufu. Pale kaburini Mama Sesilia hakulia. Alitutazama mmoja mmoja, akasema, “Na huyu tulikuwa tunamwita ndugu.” Kesho yake alipotoka shamba alianza kuzunguka kambi na rozari yake, chumba kwa chumba, kuona nani mgonjwa.

Mwanzoni alifanya vibaya, na kosa lake lilikuwa letu sote watu wa bara. Alisukuma mlango akaingia. Kwao hakuna kambi, nyumba ziko mbali mbali, mtu humwona mgeni tangu yuko kule chini kwenye mto, hata akifika mlangoni wamekwisha kumwekea kiti. Hapa, juma la kwanza tu, alimkuta mwanamume akioga ndani ya karai, akatukanwa mpaka kambi nzima ikatoka nje. Bi Mwanasha alikuwa akipita na sinia lake la vitumbua. Bi Mwanasha unamjua, yule mama wa Kidigo wa njia ya Msambweni, ambaye mpaka leo hupita hapa kila asubuhi na hanitazami usoni. Aliliweka sinia chini.

“Mama, kwani kwenu hakuna hodi?”

“Mimi nimekuja kwa uzuri. Sikuja kuiba.”

“Uzuri wako anaujua nani, na mlango umefungwa? Hapa kwetu mtu hupiga hodi mara tatu. Akiambiwa karibu, huingia. Asipojibiwa, hurudi zake, wala hanuni. Mwenye nyumba ana sababu yake, na sababu yake si yako.”

“Na kama ni mgonjwa hawezi kujibu?”

Bi Mwanasha akafikiri kidogo. “Basi muite jirani yake mpige hodi nyote wawili. Lakini hodi ipigwe.”

Jioni ile Mama Sesilia alikuja kwangu, kwa sababu karani wa mzani alikuwa mimi na kalamu ilikuwa yangu. Akaniambia niandike maneno ya Bi Mwanasha yasije yakapotea. Nikayaandika nyuma ya karatasi ya mzani. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya chama, Veronika, na ndiyo kazi yote niliyoifanya katika kukianzisha. Kijitabu kinasema kanuni hiyo imetoka katika Maandiko Matakatifu. Padre aliitafutia aya ya kuifaa, akaipata, na aya ni nzuri. Lakini sisi tuliipata kwa Mwislamu, muuza vitumbua, naye hakututoza kitu.

Tulikuwa watatu, kisha sita, kisha watu wa kambi wakaanza kutucheka, “Wapiga hodi hao wanakuja!” Jina likatuganda. Tukiambiwa karibu, tuliketi, tukauliza hali, tukachota maji kama mtungi ni mtupu. Aliyetaka sala tulisali naye. Asiyetaka tulimuaga. Mjaluo alikwenda kwa Mkamba, Mkamba kwa Mtaita, wakasikilizana kwa Kiswahili kibovu walichokuwa nacho. Walioacha misa wakarudi. Waliokaa na wanawake bila ndoa wakaja kuulizia ndoa, bila mtu kuwasema. Na Jumapili, tulipokutana ghalani bila padre, Mama Sesilia hakumuuliza mtu amefanya nini kikubwa. Aliuliza, “Mlango gani haukuitika?” Kila mmoja akautaja mlango uliomkatalia, na tukauombea huo. Nakwambia kweli, sijawahi kuona dini nyingine tamu kama ile, wala sitaiona tena.

Kikaenea. Mtu akihamishwa kazi alikwenda nacho, Msambweni, Kwale, Likoni, mpaka Mombasa penyewe. Padre mpya alipokuja akakuta kitu kinakua ambacho hakukipanda, akafurahi, akataka kujua mwenyewe ni nani. Wakaniita mimi. Nilivaa shati jeupe. Sikusema uongo siku ile, nilijibu tu maswali, na yeye hakuuliza swali la nani alianza. Uongo wangu ulikua hivyo, kwa kunyamaza kidogo kidogo, na kila nikinyamaza nilipewa kiti cha mbele zaidi.

Ulikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, na mkusanyiko wa watu wa bara ulitazamwa kwa jicho baya. Padre akataka chama kiwe na kanuni zilizoandikwa, majina, viongozi na alama ya kitambaa kifuani. Nikaandika yote. Swali la Mama Sesilia nikaliondoa, nikaweka langu: “Umetembelea milango mingapi?” Yeye hakuweza kusoma daftari, kwa hiyo nilimweka mjumbe wa kawaida, mwanachama kama wengine katika kitu chake mwenyewe. Hakugomba. Aliniambia tu, “Karani, milango imekuwa mingi, watu wamekuwa wachache.” Nikamwambia hajui mambo ya uongozi.

Kisha nikaleta ukaguzi. Hili hulijui kwa sababu tuliliacha baadaye kimya kimya, na kijitabu hakilitaji. Viongozi tulipewa ruhusa ya kukagua nyumba za wanachama, kuona kama kuna msalaba ukutani, kama kuna hirizi, nani amelala kwa nani. Nilijisikia mtu mkubwa, mwanangu. Watu walinyamaza nilipopita, nikadhani hiyo ndiyo heshima.

Mtu mmoja akaniambia kwamba Bi Mwanasha huingia kwa Mama Sesilia kila alasiri na kutoka wakati wa magharibi, na kwamba mlango hufungwa. Alasiri moja nikamchukua mama yako, ili iwe kuna mwanamke pamoja nami, tukaenda. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Mama yako akanishika mkono, akasema, “Piga hodi, baba Veronika.” Nikamjibu kwa neno ambalo nalisikia mpaka leo nikilala na nikiamka. Nikamwambia, “Mkaguzi hapigi hodi.”

Nikasukuma.

Mama Sesilia alikuwa ameketi juu ya mkeka, amejifunua mpaka kiunoni. Titi lake la kushoto lilikuwa limeoza. Sijui neno jingine la kukuandikia. Bi Mwanasha alikuwa akilisafisha kwa maji ya moto na kitambaa, naye Mama Sesilia ameuma pembe ya kanga ili asipige kelele. Kando ya mkeka palikuwa na sahani nyeupe yenye kombe, aya walizoandika watu wa Bi Mwanasha kwa zafarani, wakaziosha kwa maji ya waridi ili mgonjwa anywe. Robo yake ilikuwa imekwisha kunywewa.

Mtu mwenye moyo angekiona kidonda. Mimi niliiona sahani. Mama yako alitoka nje akalia, nami nikabaki nimesimama pale nikiuliza habari za sahani, na mwanamke wa rika la dada yangu mkubwa akitafuta kanga ya kujifunika kwa mkono mmoja.

Nilimwandikia padre barua. Niliandika kwamba amekutwa akitumia dawa za dini nyingine kwa siri, mlango umefungwa. Nilijua fika kwamba haukufungwa. Kuhusu ugonjwa niliandika neno moja, “anaumwa.” Padre hakuwa mtu mkali. Kama ningemwandikia yote, naamini angepanda gari lake siku hiyo hiyo. Akajibu kwamba ili wengine wasipotoke, jina lake lisomwe Jumapili na afutwe chamani.

Nililisoma mimi. Alikuwa ameketi safu ya nyuma, karibu na magunia. Akainuka, taratibu, kwa sababu ya maumivu, na watu wote wakageuka. Nilidhani atanitukana. Alisema, “Karani, ungepiga hodi, ningejifunika.” Akatoka.

Ukaniuliza siku ile amefanya nini, nikakujibu ameacha dini. Ulikuwa hujafika miaka kumi na minne, ukaniamini, kwa sababu mimi ni baba yako. Siku chache baadaye nilikuwa mzanini nikakuona njiani unakwenda kisimani, naye anakuja upande wako na jembe begani, maana alilima mpaka mkono ulipokataa. Ulimwona, ukaingia ndani ya miwa, ukapita huko ukikatwa na majani ili usikutane naye. Alisimama akangoja, akidhani pengine utatokea. Mimi niliona yote, Veronika, na nilifurahi. Nilisema moyoni, mtoto wangu ana msimamo. Dhambi ile si yako. Nimeibeba hesabuni mwangu na sitaki uichukue, lakini uijue.

Umekuwa ukimlaumu mama yako kwamba ni baridi, haji mikutanoni, amekaa nyumbani na kusuka ukili wa mikeka Jumapili nzima. Juzi ulimwambia usoni. Mama yako aliacha chama siku ile ile pale mlangoni. Kila alasiri nilipokuwa mzanini alikwenda kumwosha Mama Sesilia pamoja na Bi Mwanasha, kwa miezi yote iliyobaki, na aliporudi alinuka dawa, nami nikajifanya sina pua. Nilimkataza asikwambie wewe. Katika nyumba hii Mpiga Hodi ni mmoja tu, na si mimi.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Kila mwezi mimi ndiye niliyemwandikia padre orodha ya wagonjwa wa kutembelewa. Mwezi ule mama yako aliniambia, chakula kikiwa mezani, “Sesilia hatamaliza mwezi. Mwandike.” Niliendelea kula. Nilipokaa na karatasi niliandika majina yote, nikafika mwisho, nikaiweka kalamu chini. Nilijiambia kwamba ametengwa, hayumo orodhani. Sababu ya kweli ni kwamba kama padre angeingia mle ndani angekiona kile kidonda, angejua barua yangu ilikuwa barua ya namna gani.

Padre akaja, akatembelea wagonjwa, akaondoka. Siku mbili baadaye nikashindwa kukaa. Nikaenda peke yangu, mchana, saa ambayo wote wako shamba. Nikasimama mbele ya mlango ule ule. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, nikasikia mkeka unalia, mtu anajigeuza, na pumzi inavutwa kama ya mtu anayetaka kusema. Ya tatu sikuipiga. Niliogopa ataniambia karibu. Niligeuka nikarudi mzanini, na njiani nilikuwa najitetea kwa kanuni, najiambia kwamba sikuitikiwa.

Alikufa juma lile, bila mafuta matakatifu, bila komunyo. Waliomwosha ni Bi Mwanasha na mama yako. Wapiga Hodi wa Ramisi, chama kizima kilichotoka kinywani mwake, hatukwenda hata mmoja, kwa kuwa mimi sikutangaza. Amelazwa upande wa kule kwenye mikorosho, na msalaba wa miti alioufunga mama yako kwa kamba ya mnazi umekwisha kuanguka.

Usidhani nakwambia haya ili ukiache chama. Chama ni kizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Watu hunishika mkono barabarani. Mzee mmoja wa Likoni alinijia analia, anasema asingekuwa mpiga hodi aliyefika kwake siku fulani, angekwisha kujinyonga. Akanibusu mkono huu, ule ule nilioshikia kalamu. Nikamwacha anibusu. Utaona kwamba wema ukishaanzishwa na mtu huendelea hata ukiwekwa chini ya mikono ya mwizi, na mwizi hupata chakula chake humo.

Nawe ukienda Taru utakuta mtu kama mimi. Hatakuwa mtu mbaya. Atajua kuandika, atakuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, utamhitaji. Mtumie. Lakini ukimwona ameanza kufurahi watu wakinyamaza anapopita, mnyang'anye daftari. Na ukijiona wewe mwenyewe ndiwe huyo, basi umekuwa binti yangu kweli kweli, na hapo itabidi umtafute mtu kama mama yako akushike mkono mlangoni, kisha umsikilize.

Kuhusu ukurasa wa kwanza, sikupi amri yoyote. Ukiwaambia ukweli, habari zitamfikia padre, nawe ni mwalimu mpya katika shule ya kanisa, huna mtu wa kukutetea huko. Mimi nitaaibika, na nimestahili. Ukiusoma kama ulivyo, utakuwa umeanza kazi yako kwa uongo wa baba yako, na watoto wa Taru watawafundisha watoto wao vivyo hivyo. Ningekuwa mwanamume ningekuondolea mzigo huo, ningesimama kanisani niseme mwenyewe. Nimejaribu. Mara mbili nimeinuka kitini, watu wakanitazama, nikajifanya nakwenda kufunga dirisha. Kesho pia, ukiwa ndani ya lori la Likoni, mimi nitakuwa safu ya mbele kama kawaida. Najijua.

Nimekusikia mlangoni unacheka na mama yako, umesharudi, kwa hiyo namaliza.

Ukisoma haya utanikasirikia, na pengine likizo ya kwanza hutakuja. Sitakulaumu. Lakini siku utakayokuja, hata ikiwa ni baada ya miaka, hata kama umekuja kwa ajili ya mama yako peke yake, simama pale mlangoni upige hodi kama alivyokufundisha Mama Sesilia ulipokuwa mdogo. Usiponisikia, ujue nimo, naona haya. Piga ya pili. Na ninakuomba, mwanangu, usiondoke kabla hujapiga ya tatu.

Mimi baba yako,
Gabrieli